Kinga ya Mishale kwa Magunia ya Korosho

Ajifunzaye kulenga shabaha kwa upinde, akiwa Nachingwea au Ruangwa, hana haja ya kugharimia vitu vya ng'ambo, maadamu wilaya hizi huvuna korosho na ufuta, na magunia chakavu ya mazao hayo, yakijazwa nguo kuukuu zilizoondolewa vifungo na zipu, kisha yakashindiliwa barabara, huupunguzia mshale kasi kwa msuguano hata ukasimama salama. Ubao mgumu haufai asilani, kwani ama huuvunja mshale ama humrudishia mpigaji. Mabua ya ufuta yafaa pia, lakini yakilowa huoza, basi yaezekewe. Na nyuma ya kinga, tafadhali, pawe na kichuguu au ukingo wa udongo, wala mtu asipite hapo abadani.