Kusawazisha Sauti za Nyimbo za Enzi Tofauti

Tuchukulie kwamba chama cha Kiswahili kimeandaa jioni ya taarabu. Unachezwa wimbo wa Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mnamo 1928 kurekodi santuri, kisha unafuata wimbo wa kisasa. Mtambo uliopandishwa ili maneno ya Siti yasikike sasa unanguruma, na waliokaa mbele wanaziba masikio. Mwanafunzi wa fasihi simulizi asipojihadhari atahitimisha kuwa mwimbaji wa kale alikuwa na sauti dhaifu. Huo ni uhakiki wa mitambo, si wa msanii.

Chanzo cha tofauti hii ni kwamba kilele cha wimbi la sauti si sawa na ukubwa tunaousikia. Sikio hukadiria nguvu ya sauti kwa muda fulani, wala haliyapi masafa yote uzito sawa. Fletcher na Munson walilionyesha hilo mwaka 1933. Wimbo wa kisasa aghalabu hubanwa: sehemu zake za juu hushushwa, kisha wote ukainuliwa, hata ukakosa pumzi. Santuri kuukuu nayo ina mikwaruzo. Tarakilishi ikiagizwa kusawazisha vilele pekee, mkwaruzo mmoja hutwaa nafasi ya kilele, na mwimbaji akabaki chini palepale alipokuwa. (Hapa wanafonolojia watatuelewa upesi, kwani wamezoea kutochanganya mkazo na kidatu ingawa vyote huitwa "sauti" mitaani.)

Njia ifaayo ni kupima ukubwa unaosikika. Mwaka 2001 David Robinson alipendekeza utaratibu wa ReplayGain, ambao huchunguza kila faili na kuiandikia kiasi cha kupandisha au kushusha, bila kuugusa muziki wenyewe. Baadaye, mwaka 2006, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu lilitoa kanuni ya upimaji, na mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya wakaweka kiwango cha LUFS -23 kwa vipindi vyao.

Hata hivyo, inafaa zaidi kuishusha nyimbo kubwa kuliko kuipandisha ndogo. Faili ya zamani ikipandishwa kupita kikomo, vilele hukatwa na sauti hupasuka; na hata isipopasuka, mvumo wa santuri hupanda pamoja na mwimbaji. Kiasi kinachopungua kitafidiwa kwenye kipaza sauti cha ukumbini. Aidha, rekodi ya tamthilia au ya utenzi ulioghanwa kwa muda mrefu isisawazishwe kipande kwa kipande: mnong'ono ukilinganishwa na ukemi, maana ya mnong'ono imepotea. Hiyo ipimwe nzima, ikapewa kiasi kimoja.

Kwa wanaohamisha kanda na santuri za utafiti, nakala ya kwanza iachwe bila kubanwa wala kusafishwa. Marekebisho yafanywe kwenye nakala ya pili, maana kilichobanwa hakirudi.