Sikio Likizima Ghafla, Usilaumu Nta

"Dokta, nta imeziba." Karibu wote huniambia hivyo. Hata mzee mmoja dereva wa daladala, aliyeamka asubuhi, akaweka simu sikio la kushoto, asisikie ila mvumo. Kabla ya kuja kliniki alikwishamimina mafuta ya nazi, dawa ya kila nyumba!

Nilimwomba afumbe mdomo avume "mmm". Sauti ikielemea sikio bovu, huenda kweli kuna kilichoziba. Ikielemea sikio zima, tunashuku sikio la ndani au neva yake. Yake ilikwenda kulia, kwenye sikio zima. Nikachungulia la kushoto: nta hakuna, ngoma ya sikio safi inang'aa.

Huu ni uziwi wa ghafla: usikivu hushuka ndani ya saa 72, kwa kawaida sikio moja, wengine wakipata na kizunguzungu. Mara nyingi chanzo hakipatikani. Antibiotiki na matone ya dukani hayausaidii. Tunachotumia ni steroidi, kama vidonge vya prednisolone, hasa ndani ya wiki 2 za mwanzo. Kwa mwenye kisukari, kama mzee wangu, vidonge hivyo hupandisha sukari, kwa hiyo dawa huweza kudungwa kupitia ngoma ya sikio. Wapo wanaopona bila dawa, ila huwezi kujua mapema ni nani.

Uziwi huu ukikupata, nenda hospitali siku hiyo hiyo, uombe kipimo cha usikivu. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, kimbilia dharura.