Gofu Lililotunzwa

Hivi karibuni tulijaaliwa kuzuru Uswisi, na katika mji wa Sion, bondeni mwa mto Rhône, tukapanda kilima hadi magofu ya ngome ya Tourbillon, milima ya Alpi ikiwa imetuzunguka. Ngome hiyo ilijengwa na Askofu Boniface de Challant mwishoni mwa karne ya 13. Mwaka 1788 moto uliouteketeza mji ukaiunguza nayo, wala haikupata kujengwa upya.

Hata hivyo haikutupwa. Kuta zimeshikizwa zisiporomoke, na ndani ya kanisa lake dogo michoro ya kale ingali yaonekana.

Nasi visiwani tuna Maruhubi, kasri iliyoungua mwaka 1899. Hatuwaombi wakuu wanaohusika na mambo ya kale watujengee majumba mapya. Tuombalo ni dogo: mizizi ing'olewe kabla haijapasua kuta, na mawe ya magofu yetu yasichukuliwe kujengea mabanda. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa kale ukishaanguka, hakuna awezaye kuujenga ukawa wa kale tena.