Je, Karatasi Inaweza Kudanganya?



Jioni moja, baada ya darasa la kisomo huko upande wa Geita, mzee mmoja alibaki nyuma. Alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Aliitia dole gumba miaka mingi kabla hajajua kusoma. Wakati ule aliambiwa kuwa anakodisha kipande cha shamba lake kwa watu wa kuchimba dhahabu, kwa misimu miwili tu. Sasa alikuwa ameisoma mwenyewe, polepole, neno kwa neno. Neno "amekodisha" hakuliona. Aliliona neno "ameuza".

"Mwalimu," akatuuliza, "kumbe karatasi nayo hudanganya?"

Swali hili ni zito. Wengi wetu tulipojua kusoma tuliamini kwamba kila kilichoandikwa ni kweli. Leo tutalijibu kwa mfano wa mbali kidogo, yaani maandishi ya kale ya Wachina. Kwa nini Wachina? Kwanza, wameandika habari zao kwa zaidi ya miaka 3,000. Pili, baadhi ya maandishi yao yanatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki. Wageni waliandika habari zetu. Sasa sisi tuzisomeje?

MAANDISHI YASIYO NA NUKTA

Wachina hawaandiki kwa herufi kama a, b na ch. Katika Kichina cha kale, karibu kila alama ilikuwa neno zima. Mistari ilitoka juu kwenda chini, ikianzia upande wa kulia. Tena mara nyingi hapakuwa na nukta wala mkato. Msomaji mwenyewe ndiye aliyeamua sentensi inaishia wapi.

Je, jambo hili lina shida gani? Soma maneno haya: Baba kasema mama hana kosa.

Sasa tia alama. "Baba kasema: mama hana kosa." Hapo asiye na kosa ni mama. Tia alama kwa njia nyingine: "Baba, kasema mama, hana kosa." Sasa asiye na kosa ni baba! Maneno ni yale yale, lakini maana imegeuka.

Kwa sababu hiyo wasomi wa China walizoea kusoma polepole na kuulizana. Waliandika hata maelezo madogo katikati ya mistari, ili atakayesoma baadaye asipotee. Nasi tukiwaiga, tutaiuliza kila karatasi maswali matatu.

SWALI LA KWANZA: ALIONA AU ALISIKIA?

Zamani sana palikuwa na mwandishi Mchina aitwaye Duan Chengshi. Alifariki mwaka 863. Katika kitabu chake alieleza nchi ya mbali aliyoiita Bobali. Wataalamu wengi hudhani ni pwani ya Wasomali. Alisema watu wa huko hawali nafaka, hula nyama tu. Alisema pia kuwa hutoboa mshipa wa ng'ombe, huchanganya damu na maziwa, kisha hunywa.

Sisi wa Shinyanga hatushangai. Mambo ya damu na maziwa tunayajua kwa jirani zetu Wataturu na Wamaasai. Basi mwandishi huyu alisema kweli? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini yeye hakufika Afrika. Alisikia kwa watu, nao huenda walisikia kwa wengine. Habari ya kusikia huweza kuwa na kweli ndani yake, ila hupenda kuongeza. Mgeni akiona wafugaji wa mahali pamoja, huandika kuwa nchi nzima hawali nafaka.

SWALI LA PILI: KAZI YAKE NI IPI?

Mwaka 1225 mwandishi mwingine, Zhao Rugua, alimaliza kitabu juu ya nchi za kigeni. Alikuwa mtumishi wa serikali katika bandari ya Quanzhou, akisimamia biashara ya meli. Naye hakufika huku. Aliwauliza wafanyabiashara waliotia nanga pale.

Aliitaja nchi ya Cengba. Wataalamu wengi husema ni Zanzibar, au pwani yetu yote ambayo Waarabu waliiita Zanj. Alisema watu wake ni Waislamu, na kwamba nchi hutoa pembe za ndovu, dhahabu na ambari. Meli za Waarabu na za Gujarat, India, huleta nguo za pamba, shaba na vyombo vya kauri, yaani vile vya udongo mweupe unaong'aa.

Lakini katika kitabu hicho hicho, akieleza nchi nyingine ya bahari yetu, anasema kuna ndege mkubwa ambaye akipaa hufunika jua! Tufanyeje? Tukitupe kitabu chote?

Hapana. Tuangalie kazi yake. Mtu wa bandari huzijua bidhaa kama karani wa mizani anavyoijua pamba. Tena tunaweza kupima maneno yake kwa ushahidi mwingine. Wataalamu waliochimba magofu ya Kilwa Kisiwani, na ya Gede karibu na Malindi, walipata vipande vingi vya kauri kutoka China. Ardhi imekubaliana na kitabu. Mfupa wa ndege wa kufunika jua haujaonekana popote.

Na nyinyi wasomaji wa Geita, msikimbilie kusema, "Dhahabu hiyo ni yetu!" Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa ilitoka bara, upande wa Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala huko Msumbiji. Kusoma vizuri ni pamoja na kutoongeza tunachotamani.

SWALI LA TATU: NANI ALICHAGUA NENO?

Sasa tuje kwa twiga, mnyama wa taifa letu. Mwaka 1415 twiga mmoja kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China aitwaye Yongle. Mwaka uliotangulia mfalme huyo alikuwa amepelekewa twiga mwingine kutoka Bengali. Huo ulikuwa wakati wa nahodha mkuu Zheng He, aliyeongoza safari kubwa saba za baharini kati ya 1405 na 1433. Baadhi ya safari hizo zilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Wachina hawakumwita mnyama huyo twiga. Walimwita "qilin". Huyu ni mnyama wa hadithi zao za kale. Ni mpole, na inasemekana huonekana pale tu anapotawala mfalme mwema. Wasomali humwita twiga "geri", na wataalamu wengine hudhani kwamba kufanana kwa majina kulisaidia.

Lakini liko jambo jingine. Yongle alikuwa amemnyang'anya mwana wa kaka yake kiti cha ufalme mwaka 1402. Mfalme wa namna hii angefurahi kuona watu wakisema kwamba mnyama wa wafalme wema amekuja. Mshairi wa ikulu, Shen Du, aliandika sifa za mfalme juu ya picha ya twiga yule wa Bengali. Jina moja tu limemgeuza mnyama wa porini kuwa shahidi wa mfalme.

Kisha kuna neno la pili. Kumbukumbu za serikali ya China ziliandika kuwa nchi za nje zilileta "gong". Maana yake ni kitu ambacho mdogo humpelekea mkubwa wake. Tunaielewa tofauti hii. Kumpa jirani kuku ni zawadi. Kumpelekea mtemi pembe ya ndovu, kama walivyofanya babu zetu, ni kukubali kuwa yeye anakutawala. Je, Malindi ilitawaliwa na China? Haikutawaliwa hata siku moja. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa karani wa mfalme, na yeye ndiye aliyechagua neno. Mtu wa Malindi hakuwepo pale mezani kusema, "Ndugu, futa hilo, andika zawadi."

TURUDI KWA MZEE WETU

Hivyo karatasi hudanganya? Tulimjibu mzee hivi: karatasi haina mdomo. Husema alichotaka aliyeiandika. Katika mambo ya twiga, neno moja lilimpendeza mfalme. Katika mambo ya mzee, neno moja linaweza kumpotezea shamba.

Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kutia sahihi, ombeni karatasi isomwe kwa sauti mbele ya mashahidi. Lisilofahamika liulizwe, hata kama mwenye kalamu anakasirika. Ombeni nakala mwende nayo nyumbani. Na jambo kubwa kuliko yote, andikeni wenyewe: mipaka ya mashamba, makubaliano, habari za ukoo na za kijiji. Asiyeandika habari zake atazisoma kwa kalamu ya mwingine.

Mzee wetu amepeleka shauri lake kwenye baraza la ardhi. Bado halijaisha. Lakini safari hii kila karatasi anaisoma mwenyewe, na penye shaka anaweka kidole na kuuliza, "Neno hili nani kaliandika?"

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Kwa nini Zhao Rugua aliweza kusema kweli kuhusu bidhaa na kukosea kuhusu ndege?
2. "Zawadi" na "gong" zina tofauti gani? Toeni mfano wa maneno mawili ya namna hiyo katika mikataba ya mashamba au ya machimbo.
3. Ni habari gani ya kijiji chenu ambayo bado haijaandikwa? Nani ataiandika?