Siki, chumvi na sabuni: dawa ya magugu iliyofika Kibirizi

Wiki mbili zilizopita mama mdogo alinitumia sauti ya WhatsApp kutoka Kibirizi, Kigoma. Nyuma yake nilisikia injini ya boti na mtu akinadi samaki aina ya migebuka, moyo ukaruka hata kabla sijaelewa anasema nini. "Mwanangu, kuna dawa ya magugu imezagaa kwenye simu. Siki nyeupe, chumvi kikombe, sabuni kijiko. Ninyi wa huko ndiyo mnaitumia? Ndago zimenishinda, nataka nimwagie bustani nzima."

Nilimjibu papo hapo: shikamoo mama mdogo, tafadhali usimwage kwanza. Halafu nikakaa chini kumpangia maelezo, na nikaona ni vyema niyaandike hapa, maana swali lake si lake peke yake. Huku Marekani ninakoishi watu wetu wengi wanalima. Waliotoka Ujiji, waliotoka Uvira, waliokulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, wakipata kipande cha ardhi nyuma ya nyumba wanapanda lengalenga, matembele na maharage. Na dukani siki nyeupe inauzwa kwa galoni, bei chee. Mtu anaona hiyo ndiyo dawa salama, kwa kuwa ni kitu cha kachumbari.

Siki ni nini hasa? Ukiacha pombe ya ndizi wazi siku kadhaa inakuwa kali, haina ladha tena ya pombe. Watu wa pwani wanaijua hadithi hiyohiyo kwa tembo la mnazi: leo tamu, kesho linalevya, baada ya siku chache ni siki ya kupikia. Hamira hugeuza sukari kuwa kileo, kisha bakteria wanaopenda hewa hugeuza kileo kuwa asidi ya asetiki. Louis Pasteur alieleza kazi ya viumbe hao mwaka 1864. Siki nyeupe ya dukani ni maji na asidi hiyo, kwa kawaida asilimia 5.

Asidi ikigusa jani inapasua utando laini wa chembe zake, maji yaliyomo yanavuja, na jua linamalizia. Nimeliona hili kwa macho yangu kwenye nyufa za saruji mbele ya nyumba. Asubuhi ya jua kali nilipulizia miche ya nyasi yenye majani mawili matatu. Saa nane mchana ilikuwa imelala, rangi ya majani ya chai. Ukiona hivyo unafurahi sana, na furaha hiyo ndiyo inayoisambaza dawa hii kwenye simu za watu.

Lakini ukali wa siki unaishia pale ilipogusa. Haisafiri ndani ya mmea kwenda kwenye mizizi. Mwaka 2002 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kule Beltsville, Maryland, walieleza kuwa siki ya asilimia 5 hadi 10 iliua magugu yaliyokuwa na umri wa wiki mbili au chini yake. Yaliyokomaa yalihitaji siki kali zaidi. Siki hizo kali, asilimia 20 au 30, zinauzwa hapa kwenye maduka ya bustani, na si za kuchezea. Tone moja likiingia jichoni linaweza kumpofusha mtu. Anayezinunua avae miwani na glavu, na aziweke mbali na watoto na mbali na chupa za jikoni.

Sasa turudi kwa ndago za mama mdogo. Aliyewahi kulima anajua: ukivuta ndago kwa pupa unabaki na majani mkononi. Chimba taratibu kwa ncha ya panga utauona uzi mwembamba mweusi unakwenda pembeni, na kwenye uzi huo vinundu vyeusi vya ukubwa wa punje ya kunde, kimoja baada ya kingine. Kila kinundu ni ndago inayosubiri zamu. Majani yake nayo yanateleza kama yamepakwa nta, matone ya siki yanayumba na kuanguka. Hata ukifanikiwa kuyachoma, baada ya siku kadhaa chini kunachipua tena. Chupa kumi za siki hazifiki kwenye vile vinundu.

Ndipo walioandika ile dawa walipoongeza chumvi, na hapa ndipo ninapoomba nisikilizwe. Sisi wa Kigoma tunaijua chumvi. Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na Ruchugi inapoingia Malagarasi, watu wamechemsha chumvi kwa karne nyingi. Mchimbuzi wa mambo ya kale J.E.G. Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts waliandika habari zake mwaka 1968. Chumvi ile ilibebwa hadi soko la Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika, ikabadilishwa kwa vitu vya thamani. Kote huko ilikuwa mali ya chunguni na ya sokoni. Ukiimwaga bustanini haiozi wala haipotei upesi kama siki. Siki huliwa na bakteria wa udongoni kwa siku chache ikaisha. Chumvi inabaki, inaufanya udongo wa mfinyanzi ujikaze, na inaizuia mizizi kunywa maji hata pale yalipo. Ndago ikifa, mchicha utakaopandwa hapo msimu ujao utadumaa. Kwa mama anayelisha nyumba kutoka kitanda cha hatua sita kwa nne, hiyo ni hasara ya kweli.

Sabuni nayo ina kisa chake. Maana ya kuiweka ni kusaidia matone yashike kwenye jani. Hilo linawezekana kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile ya viwandani. Lakini Kigoma sabuni iliyo karibu ni ya mawese au ya mise (kokwa za mchikichi), mche unaokatwa vipande. Nina kipande kimoja kilichokuja na mgeni kwenye sanduku, nimekihifadhi kwa ajili ya harufu yake tu. Safari hii nilikikwangua kidogo, nikakoroga kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu hadi likatoka povu zuri. Nikatia siki vijiko viwili. Povu lilikufa hapo hapo. Maji yakawa meupe, yakakatika kama maziwa yaliyoharibika, na juu vikaelea vipande vya mafuta mazito. Sabuni ya kweli hutengenezwa kwa kuunganisha mafuta na magadi. Asidi inavunja muungano huo na kuyarudisha mafuta. Pampu ya kupulizia ingeziba kwa mpigo wa kwanza.

Kanuni hiyohiyo ya asidi na magadi inatawala majivu, na hapa ndipo napata uhondo. Bibi yetu alikuwa akinyunyiza majivu ya kuni kwenye mashina ya mboga. Kilimani, kuelekea Mwandiga na Kalinzi, mvua nyingi inaosha udongo mwekundu na kuuacha uelekee kwenye asidi, kwa hiyo majivu yanausawazisha na kuupa potasiamu. Anayemwaga siki juu ya majivu anazima kazi ya vyote viwili. Ufukweni mambo yanageuka tena, kwa sababu ya maji yenyewe. Ziwa Tanganyika linapoteza maji yake mengi kwa mvuke, sehemu ndogo tu inatoka kwa mto Lukuga upande wa Kongo. Mvuke hauchukui madini. Yale yanayoletwa na mito, Rusizi ikiwa na mzigo kutoka Ziwa Kivu na milima ya volkano, yanabaki na kujilimbikiza. Ndiyo maana maji ya ziwa letu ni ya upande wa magadi, pH yake karibu na 9, wakati maji yasiyoelemea upande wowote yana 7. Bustani inayomwagiliwa kwa ndoo kutoka ziwani haina haja ya majivu mengi.

Je, basi mtu atie siki kwenye ndoo? Nimeulizwa hivyo pia. Itapunguza magadi kwa muda, kisha bakteria wakishaila siki hali inarudi ilikokuwa. Samadi iliyooza na majani makavu juu ya kitanda ndiyo yanayoubadilisha udongo pole pole.

Kazi ambayo siki inaifanya vizuri bustanini ni ndogondogo. Miche michanga kwenye nyufa za saruji na kando ya ukuta, mbali na mboga, siku isiyo na upepo. Njia ya sisimizi kwenye kizingiti: ukiifuta kwa siki unaondoa harufu wanayoifuata, watapotea kwa muda. Vyungu vya maua na kopo la kumwagilia lililoota ukoko mweupe. Na kuupima udongo: weka konzi moja kwenye sahani, mimina siki kidogo, ukisikia unachemka na kutoa viputo, una chokaa ndani yake. Watoto wa Kibirizi wanaweza kulianza somo hilo kwa gamba la konokono waliloliokota mchangani. Likitumbukizwa kwenye kikombe cha siki linaanza kutoa viputo kote, kwa kuwa gamba ni chokaa. Ningepata mwalimu wa kunionyesha hivyo nikiwa darasa la nne, ningeipenda sayansi miaka mingi kabla.

Haya yote nilimwambia mama mdogo kwa vipande vya sauti, vingi mno, akanicheka kwamba nimekuwa bwana shamba. Nilimshauri asubiri mvua inyeshe udongo ulainike, achimbe kwa uma wa shamba badala ya jembe linalokata nyuzi na kuacha vinundu nyuma, aviokote kimoja kimoja na kuvianika juu ya jiwe jua kali livikaushe, kisha afunike kitanda kwa nyasi kavu nene. Na arudie, kwa kuwa mara moja haitoshi.

Jana amenitumia picha. Jiwe limejaa vinundu vilivyosinyaa, na kando yake mjukuu ameshika kopo jingine limejaa, anatabasamu. Sauti iliyofuata haikuhusu bustani. Siki aliyokwisha kuinunua aliichanganya na maji akaichemsha kwenye birika la chai, lile lenye ukoko wa maji ya ziwa wa miaka yote. Ukoko ulibanduka vipande vipande, na ndani, anasema, ameona mng'aro wa bati kwa mara ya kwanza tangu alipolinunua.