Nakala za Colt Navy 1851

Nakala za Colt Navy 1851 ni bastola zinazotengenezwa leo kwa kufuata umbo na mitambo ya rivolva iliyobuniwa na Mmarekani Samuel Colt (1814–1862). Hazitumii risasi zenye ganda la shaba. Baruti nyeusi, gololi ya madini ya risasi na fataki huwekwa kila kimoja peke yake. Msomaji anayelijua gobore tayari anajua nusu ya habari: gobore hushindiliwa kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu, ilhali hapa kushindilia hufanyika mara sita, katika vyumba sita vya silinda inayozunguka.

Historia

Bastola asilia ilitengenezwa kuanzia 1850 hadi 1873. Zaidi ya 200,000 zilitoka Hartford, Connecticut, na takriban 40,000 katika kiwanda cha Colt cha London, kilichofunguliwa 1853 na kudumu miaka michache tu. Ingawa jina lake linataja wanamaji, wanunuzi wengi walikuwa raia na askari wa nchi kavu. Juu ya silinda ilichorwa picha ya mapigano ya baharini ya Campeche ya 1843, kati ya meli za Texas na za Meksiko.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, miaka mia moja tangu Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) ilipokuwa inakaribia, mfanyabiashara Mmarekani Val Forgett aliagiza nakala kutoka kwa mafundi wa Gardone Val Trompia, Italia, akiwemo Aldo Uberti. Hadi leo nakala nyingi hutoka mkoa huo wa Brescia, katika viwanda vya Uberti na Pietta.

Kupakia

Nyundo huvutwa nusu ili silinda izunguke huru. Baruti iliyopimwa humiminwa katika chumba, gololi huwekwa juu yake, kisha wenzo ulio chini ya mtutu huishindilia ndani. Gololi huwa kubwa kidogo kuliko chumba, kwa hiyo ukingo hukata pete nyembamba ya risasi. Pete hiyo ni dalili njema: gololi imeziba barabara. Wengi huongeza mafuta mazito juu ya gololi. Fataki hubandikwa mwisho kabisa nyuma ya silinda, mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye shabaha.

Uzibaji huo si jambo la urembo. Pengo likibaki, au fataki ikilegea, moto huweza kuingia vyumba vya jirani na kufyatua gololi mbili au tatu kwa mpigo, na baadhi ya hizo hazina mtutu mbele yake. Ndiyo sababu mkono wa pili hauwekwi kamwe mbele ya silinda. Hatari kubwa zaidi ni kutumia baruti ya kisasa isiyo na moshi. Shinikizo lake huweza kuipasua silinda mkononi mwa mpigaji.

Kufyatua

Aliyezoea bastola za kisasa hutarajia pigo kali, lakini halipati. Bastola ina uzito wa takriban kilo 1.2, na mshindo wake ni kama wa kusukumwa: mpini huteleza kidogo kiganjani na mtutu huinuka polepole. Sauti ni nzito. Wingu jeupe hufunika shabaha, likiwa na harufu ya yai viza inayotokana na salfa, na siku isiyo na upepo mpigaji hungoja kidogo kabla ya kujua kama amepata.

Alama ya nyuma ya kulengea ni mfuo mdogo juu ya nyundo, nao huonekana nyundo inapovutwa tu. Kwa umbali wa mita 25 bastola nyingi za aina hii hupiga juu ya mahali palipolengwa, hivyo mpigaji hujifunza kulenga chini.

Fataki zilizolipuka hupasuka, na vipande vyake huweza kuangukia ndani ya mitambo na kuikwamisha. Kwa hiyo wapigaji wengi huinua mtutu wanapovuta nyundo, ili vipande vidondoke nje. Katika filamu tendo hilo huonekana kama madaha. Kumbe lina kazi. Masizi nayo hukaza silinda kwenye mhimili wake baada ya kupakia mara chache.

Kujaza tena vyumba sita huchukua dakika kadhaa, hata kwa mtu aliyetulia uwanjani. Askari aliye juu ya farasi, adui akimkaribia, hakuwa na dakika hizo. Kwa sababu hiyo wapanda farasi wengi walibeba bastola mbili au zaidi, na kwa sababu hiyo risasi za ganda zilishinda. Smith & Wesson walianza kuuza rivolva ya risasi za ganda mwaka 1857, wakilindwa na hataza iliyoisha 1869. Colt walitoa Single Action Army mwaka 1873, mwaka uleule utengenezaji wa Navy ulipokoma.

Utunzaji na sheria

Mabaki ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kuleta kutu upesi. Bastola hufunguliwa na kuoshwa siku ileile kwa maji ya moto na sabuni, hukaushwa, kisha hupakwa mafuta. Kazi hiyo mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko upigaji wenyewe.

Nchini Marekani sheria ya shirikisho ya 1968 huziweka nakala hizi nje ya maana ya silaha za moto, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yake. Nchini Uingereza mmiliki wa nakala anayetaka kuifyatua lazima awe na kibali cha polisi.