Shukrani katika Tovuti ya Kwanza ya Mwanafunzi

Ukurasa wa shukrani, ambao wanafunzi wengi huuandika mwisho kabisa, macho yakiwa yamechoka na siku ya kukusanya kazi ikiwa imewadia, una umri sawa na wavuti yenyewe, yaani ule mkusanyiko wa kurasa zinazounganishwa kwa viungo ndani ya intaneti. Tovuti ya kwanza duniani, iliyotengenezwa na Tim Berners-Lee katika maabara ya fizikia ya CERN karibu na Geneva, ilikuwa na kiungo kilichompeleka msomaji kwenye orodha ya watu walioshiriki katika mradi huo, na kingine kilichomweleza namna ambavyo yeye mwenyewe angeweza kusaidia. Miongoni mwa walioshiriki alikuwamo Nicola Pellow, mwanafunzi wa hisabati kutoka Uingereza aliyekuwa CERN kwa mafunzo ya kazi, ambaye aliandika kivinjari cha maandishi matupu kilichoweza kutumika katika kompyuta za aina nyingi, ilhali kile cha Berners-Lee kilifanya kazi katika kompyuta za NeXT peke yake. Bila kazi hiyo ya mwanafunzi, watu wachache mno wangeweza kuiona wavuti mwaka 1991.

Mwanafunzi wa leo anayetengeneza tovuti ya klabu ya mazingira au ya duka la mjomba wake anadaiwa shukrani za aina mbili, na kosa linaloonekana mara nyingi ni kuzichanganya. Aina ya kwanza ni hisani: mwalimu aliyesahihisha, au rafiki aliyeifungua tovuti kwenye simu yenye kioo kidogo akagundua kwamba menyu haifunguki. Aina ya pili ni deni la kisheria, nalo hutokana na leseni, yaani masharti ambayo mwenye kazi huyaweka ili wengine waitumie bila kumwomba ruhusa kila mara.

Mfano mzuri ni Bootstrap, mkusanyiko wa misimbo ya kupangia mwonekano wa kurasa, uliotolewa kwa umma mwaka 2011 na watengenezaji programu wa Twitter, ambao hutumiwa bure chini ya leseni ya MIT. Anayelifungua faili lake hukuta juu kabisa maelezo mafupi yanayotaja jina la kazi, toleo, wenye hakimiliki na leseni, nayo huanza kwa mkwaju, nyota na alama ya mshangao. Alama hiyo ya mshangao haikuwekwa kwa bahati mbaya, kwa kuwa programu za kupunguza ukubwa wa mafaili, ambazo kwa kawaida hufuta maelezo yote, huichukulia kuwa ishara ya kuyaacha. Mwanafunzi anayeyafuta kwa mkono ili faili lionekane safi huwa amevunja sharti ambalo ni karibu pekee aliloombwa kulitimiza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Picha nazo zina utaratibu wake. Zile zenye leseni ya Creative Commons ya aina ya CC BY hudai atajwe mpiga picha, kiwekwe kiungo cha leseni, na yaelezwe mabadiliko yaliyofanywa, kama vile kukatwa pembeni. Kuandika kwamba picha imetoka Google hakutoshi hata kidogo, maana Google huonyesha tu mahali picha ilipo na haimiliki picha hizo.

Katika shukrani za hisani, sentensi inayowashukuru wote waliosaidia kwa namna moja au nyingine haimshukuru yeyote. Inafaa zaidi kutaja tendo: nani alilipia jina la kikoa, ambalo ndilo anwani ya tovuti, nani aliwaachia wanafunzi maabara ya kompyuta wazi hadi jioni, nani alisahihisha Kiswahili cha ukurasa wa mwanzo. Hata hivyo, ukarimu huo una mpaka. Ukurasa wa wavuti husomwa na yeyote, popote, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zimeyafanya majina na namba za simu za watu kuwa mambo ya kushughulikiwa kwa uangalifu. Anayetajwa aulizwe kwanza, na kwa mwanafunzi mwenzake aliye mtoto, jina la kwanza bila picha linatosha.

Kuhusu mahali pa kuziweka shukrani hizo, wengine huzitia katika ukurasa wa maelezo kuhusu tovuti, na wengine huandika faili la maandishi liitwalo humans.txt, ambalo hukaa kwenye folda kuu na kuwataja waliojenga tovuti. Lolote litakalochaguliwa, walimu wa utengenezaji wa tovuti wangefanya vyema kuwataka wanafunzi waianze orodha ya shukrani siku ileile wanapofungua faili la kwanza, na kuitolea alama kama sehemu nyingine yoyote ya kazi.